Niliita polisi waje wazime spika, wakaondoka na kinyozi wangu

#1 Mama_Duka_Mpakani
Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Habari za asubuhi ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie maneno yakipishana.

Niko Busia, upande wetu huu wa Uganda, mtaa siutaji. Nina duka la rejareja, na nyuma ya duka ndiko ninakolala na watoto. Ng'ambo ya barabara kuna kafunda, kibaa cha mtaani. Zamani palikuwa pa malwa tu, pombe ya ulezi: chungu kimoja, mirija minane, wazee wanabishana hadi saa nne usiku, kisha wanaondoka kwa miguu yao au kwa bega la jirani. Na wazee sina ugomvi. Lakini tangu mwezi wa pili mwenye kafunda kaleta spika mbili, kila moja inanizidi kimo. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili chupa kwenye rafu zangu zinacheza. Kuna asubuhi nilikuta dumu la mafuta ya kupikia limetembea lenyewe hadi ukingoni.

Nimezungumza naye mara tatu. Mara ya kwanza alinipa soda. Mara ya pili akasema kila mtu anatafuta riziki. Mara ya tatu hakunisikia kwa sababu ya spika.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza letu la mtaa. Alinisikiliza vizuri, akaandika kwenye daftari, akagonga muhuri (muhuri wenyewe nimeulipia), na jioni ile ile nikamwona kwenye kiti cha plastiki kafundani, mrija mdomoni.

Ijumaa iliyopita, saa saba usiku kuamkia Jumamosi, mtoto wangu mdogo ana homa, nikapiga simu polisi. Walikuja, nisiwasingizie. Kabangali, gari lao la doria, ikasimama, taa zikamulika, muziki ukazimwa. Mwenye kafunda akatoka, akasogea nao pembeni kama dakika tano. Kisha askari wakavuka barabara. Wakavuka kuja upande WANGU. Kwenye baraza ya saluni tunayopakana ukuta walikuwa vijana wanne: kinyozi mwenyewe, ambaye wikendi hukesha kwa sababu madereva wa malori hunyolewa usiku, boda wawili wanangoja abiria, na mteja mmoja, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado. Wakaambiwa wote wanne: "Panda gari."

Nilitoka na kanga yangu, napiga kelele si hawa, ni wale! Askari mmoja akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, si wewe uliyepiga simu kwamba kuna fujo? Fujo tumeishughulikia."

Kabangali haijamaliza kona, muziki umerudi.

Kinyozi kalala kaduukulu, mahabusu ya polisi, mpaka Jumapili jioni. Ametolewa kwa shilingi elfu hamsini, akaambiwa ni ya mafuta ya gari. Mama yake alitoka Tororo kumfuata. Alipita mbele ya duka langu na hakunisalimia.

Naomba mnieleze. Fujo kisheria ni nini? Ni kupiga kelele au ni kukaa barazani? Na je, nikipiga simu tena, wataondoka na nani?

#2 StejiNamba4

Pole mama. Ila hapo "boda wawili wanangoja abiria" nilisimama kusoma nikaanza kujikuna, maana nimepita humo humo.

Sisi kazi yetu ni kungoja. Ukimtazama kwa mbali mtu anayengoja na mtu anayezurura huwezi kuwatenganisha. Mimi walinichukua Kampala, Kabalagala, saa tano usiku, niko juu ya pikipiki, helmeti kichwani, jaketi la steji mwilini. Kosa: aido endi disodali, yaani uzururaji na fujo. Nikauliza, afande, aido namna gani na injini bado ya moto? Hilo swali ndilo lililonipa siku ya pili ndani.

#3 Lori_la_Usiku

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Huyo kinyozi wa usiku yuko mtaa gani? Nafika na mzigo Alhamisi.

#4 Kabangali_Mstaafu

Nimeuona uzi huu na kijukuu changu kimenishawishi nijibu. Nimetumikia polisi miaka 27, sasa nalima kahawa. Msinitukane kabla hamjamaliza kusoma.

Mama, nitakueleza jambo hilo linavyokwenda toka ndani ya gari. Simu imeingia: kuna kelele. Tukifika, kelele hakuna, imezimwa mita mia kabla hatujasimama, kwa sababu kafunda lenye akili huweka kijana wa kuchungulia barabara. Kipimo cha sauti hatuna. Tukitaka kuichukua spika, spika yenyewe haipandi gari kwa hiari: inataka watu wanne wa kuibeba, fomu ya vielelezo, na stoo ambayo hainyeshewi. Ikiharibika kituoni, mwenye mali anakuja na wakili. Tukimwandikia mwenye baa maelezo, tunamhitaji na mlalamikaji aje asubuhi aandike yake. Mlalamikaji haji. Tisa kati ya kumi hawaji, kwa sababu ni jirani, kwa sababu watoto wanasoma pamoja, kwa sababu kesho atataka kukopa sukari.

Na asubuhi ya pili OC, mkuu wa kituo, anauliza kwenye mkutano: jana usiku mmefanya nini? Jibu la "tulifika tukakuta kimya" halipendezi. Jibu la "wanne, mzee, uzururaji" linapendeza. Kijana aliyekaa barazani hahitaji kielelezo. Yeye mwenyewe ndiye kielelezo.

Sisemi ni haki. Nasema ndivyo gari linavyojaa.

#5 StejiNamba4

Afande asante kwa kusema kweli lakini nimesikia baridi mgongoni. "Yeye mwenyewe ndiye kielelezo." Miaka 27.

#6 Wakili_Mtarajiwa

Mimi bado niko chuoni, kwa hiyo ichukueni kama maelezo ya mwanafunzi, kwa wakili bado mtahitaji kwenda. Lakini jambo hili nimelisoma sana kwa sababu kaka yangu aliwahi kuzolewa Katwe.

Kwanza tenganisheni vitu viwili ambavyo polisi wanavitia gunia moja. Kuna makosa ya KUTENDA: kupigana hadharani, kuwasumbua watu kwa kelele, kuwa kero kwa umma, kutukana watu barabarani hadi ngumi zitoke. Hapo kuna kitendo, kuna saa, kuna mtu aliyeumizwa. Halafu kulikuwa na makosa ya KUWA: kuwa mtu asiye na njia ya wazi ya kujikimu, kuwa mtu anayetembea mahali na wakati "unaotia shaka". Hukufanya kitu, umefanana na mtu anayeweza kufanya.

Haya ya pili si ya babu zetu. Yametoka Uingereza, sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, enzi askari walirudi kutoka vita vya Napoleon hawana kazi na matajiri hawataki kuwaona njiani. Wakoloni wakayabeba hadi huku, na Kanuni yetu ya Adhabu ilianza kutumika 1950. Kifungu cha 168, kwa hesabu ya zamani kabla ya sheria kupangwa upya, kilikupa miezi sita kwa mara ya kwanza na mwaka mmoja ukirudia. Miezi sita gereza la Luzira kwa kutoweza "kujieleza vizuri". Mama, kinyozi wako angejielezaje na mashine ya kunyolea mkononi? Ndiyo maelezo yenyewe hayo!

Sasa habari njema. Tarehe 2 Desemba 2022 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Francis Tumwesige Ateenyi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilifuta aya mbili za kifungu hicho, (c) na (d), ndizo hasa hizo za "hana njia ya kujikimu" na "anatembea kwa kutia shaka". Sababu: hazieleweki. Raia hawezi kujua afanye nini ili asivunje sheria, na askari anaachiwa kuamua kwa jicho lake. Miaka miwili nyuma yake, Desemba 2020, Mahakama ya Afrika kule Arusha ilikuwa imeshasema sheria za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Na mwaka 2019 Rais mwenyewe alishawaambia polisi waache kukamata watu kwa uzururaji.

Kwa hiyo la kuuliza kituoni ni dogo tu: ameandikiwa kosa gani kwenye kitabu, na ALIFANYA nini? Wakishindwa kujaza nafasi ya pili, hawana kesi.

#7 Nubi_wa_Bombo

Nitaongea kidogo, mimi si mwandishi.

Mama, uliposema askari wametamka "panda gari", niliweka simu chini nikatoka nje kidogo. Mwanangu, neno hilo sisi wa umri huu hatulisikii kama nyinyi mnavyolisikia.

Miaka ya mwanzo ya 1980, nikiwa na miaka tisa, tulikuwa tumefikia kwa shangazi Kampala. Alfajiri unasikia lori. Askari wamezunguka mtaa mzima. Wanaume wote nje, kaeni chini, vitambulisho. Halafu mmoja anapita anagusa watu kwa fimbo: wewe, wewe, panda gari. Hakuna anayekuuliza ulifanya nini. Watu walilipa jina hilo hilo, "panda gari", msako wenyewe ukawa ndiyo jina. Wako waliorudi jioni. Wako ambao mpaka leo tunawasomea dua bila kaburi. Mjomba wangu alichukuliwa akiwa na chapati mkononi. Shangazi aliihifadhi ile iliyobaki mezani mpaka ikawa ngumu kama kigae.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, nikafurahi, ni lugha ya nyumbani kwetu. Lakini muulize Muganda wa umri wangu neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza. Hatakwambia "karibu".

Askari wa siku hizi ni watoto, huenda hawajui wanachokitamka. Wafundishwe kusema "twende".

#8 Kabangali_Mstaafu

Mzee wa Bombo, nimekusoma. Mimi niliingia kazini baadaye, lakini neno nililikuta limekaa kambini kama fanicha. Nimelitumia. Sikuwahi kuwaza.

#9 Chungu_na_Mrija

Sasa na mimi niongee, maana naona hapa wenye baa ni mashetani wenye pembe. Mimi nina kafunda, si Busia, ni Mbale, kwa hiyo mama usiniangalie.

Nalipa leseni ya mji. Nalipa kodi ya chumba. Nalipa wale wasichana watatu. Malwa peke yake hailipi tena, vijana hawataki mrija, wanataka bia baridi na muziki. Ukizima spika wanakwenda kwa jirani mwenye spika. Siku nilipopunguza sauti, mauzo ya Jumamosi hayakufika nusu. Na huyo anayelalamika kelele, asubuhi mwanawe ananunua soda kwangu.

Halafu kwa nini sisi tu? Ukutani kwangu kuna kanisa la mabati, Ijumaa wanakesha hadi kumi na mbili asubuhi, spika nne, mchungaji anakemea pepo kwa sauti inayowafikia pepo wa Soroti. Hakuna kabangali. Na matanga je? Huku kwetu mtu akifa disko linapigwa siku tatu. Waite polisi msibani uone utakavyoitwa mchawi.

#10 Mlokole_Mtulivu

Ndugu, mimi ni wa kanisa la kukesha na nakubali. Mungu si kiziwi. Kwetu tuliamua saa nne usiku spika zinazimwa, tunaomba kwa midomo. Waumini watano walihama. Nasema tu.

#11 Ng'ambo_ya_Mpaka

Mimi niko Busia upande wa Kenya, na nadhani hilo kafunda nalijua kwa sikio. Sauti haigongwi muhuri pale mpakani. Sasa mama, mimi nilalamike wapi? Polisi wenu watasema mimi Mkenya, wetu watasema spika ni ya Uganda.

#12 StejiNamba4

😂😂 Sauti ya magendo hiyo.

#13 Wakili_Mtarajiwa

Mwenye chungu ana hoja kuhusu upendeleo, lakini kuhusu sheria hana pa kujificha, wala mchungaji hana. Tuna kanuni za viwango vya kelele za mwaka 2003, chini ya sheria ya mazingira. Usiku kwao unaanza saa nne na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Eneo la makazi pekee: desibeli 50 mchana, 35 usiku. Eneo la mchanganyiko, makazi na biashara na burudani, kama mtaa wa mama: 55 mchana, 45 usiku. Hospitali ni 45 na 35. Anayetaka kuzidisha kwa sherehe anaomba kibali.

Ili muelewe ukubwa wake: watu wawili wakizungumza kawaida wanafika karibu 60. Maana yake wazee sita kwenye chungu cha malwa wanaojadili Arsenal saa tano usiku tayari wamevuka, bila spika yoyote. Nadhani waliopanga namba hizo hawajawahi kukaa mtaa wa mpakani. Lakini namba zipo, na tofauti ya 60 ya mazungumzo na 95 ya spika haihitaji profesa.

#14 Chungu_na_Mrija

35 ndiyo sauti ya nini? Ya paka akitembea?

#15 Wakili_Mtarajiwa

Ya mtu anayenong'ona maktabani, ndiyo. Nimekwambia hawajakaa mpakani.

#16 Mpwani_wa_Kisenyi

Assalaam aleikum jamaa. Mie mzaliwa wa Mombasa, Kampala nina mwaka wa kumi na nne, nauza vipuri Kisenyi. Wakili kasema vyema lakini nimuongezee la mitaani, kwani sheria ya kitabuni na sheria ya saa saba usiku ni ndugu wa baba mmoja wasiosalimiana.

Mie nimekamatwa mara mbili. Ya kwanza sikuwa na kosa, nilitoka msikitini alfajiri, nikasombwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilitoa laki moja kwa kuwa niliona haya wateja wasijue. Hiyo haya ndiyo wanayoiuza. Si hofu ya jela, ni haya.

Ya pili nilikuwa na kosa na nasema wazi. Nilipigana. Dalali alinitukania mamangu, nikampiga ngumi katikati ya barabara, naye akanirudishia, meza ya muuza chapati ikaenda chini, mayai yote. Nikapelekwa kortini, nikakiri. Hakimu hakunifunga, alinipa kazi ya jamii: kufagia na kufyeka nyasi kituo cha afya. Wengi hamjui kama ipo, nayo iko tangu sheria ya mwaka 2000, kwa makosa madogo yasiyozidi kifungo cha miaka miwili. Kazi haizidi saa nane kwa siku wala miezi sita. Nilifyeka asubuhi wiki tatu. Muuza chapati alikuwa akipita akinitazama, siku ya nne akaniletea chai. Dalali hakuja hata kunicheka.

Basi linganisheni. Mara nilipokuwa sina hatia nimetoa laki moja na hakuna karatasi. Mara nilipokuwa na hatia sikutoa hongo hata senti na karatasi ninayo hadi leo.

#17 Kabangali_Mstaafu

Huyu wa Kisenyi amesema kitu ambacho kingewekwa ukutani pale mapokezi, karibu na lile bango la "bondi ya polisi ni bure". Na kweli ni bure, wananchi. Niliwahi kusimama chini ya bango hilo hilo nikimsikia mwenzangu anataja bei.

Mama, hela ya kinyozi: atakumbuka jina lililoandikwa kifuani mwa askari? Siku hizi kuna sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu, askari anaweza kuamriwa alipe sehemu ya fidia kwa mfuko wake mwenyewe. Tulipoambiwa hiyo, kambini palikuwa kimya kuliko desibeli 35.

#18 Wakili_Mtarajiwa

Na saa 48. Katiba, ibara ya 23: ukikamatwa, ufikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kuisha, au uachiwe. Kinyozi aliingia Jumamosi saa saba usiku, akatoka Jumapili jioni. Hesabu yake ni kama saa arobaini na kidogo. Hawakukosea hesabu hao. Wanaijua vizuri kabisa, ndiyo maana misako hii hupenda Ijumaa: unakaa wikendi nzima na bado "hawajavunja kitu".

#19 Msimamizi

Nimefuta majibu manne yaliyokuwa yanataja kabila la askari na kabila la mwenye kafunda. Tuendelee na mada. Wa tano atafungiwa.

#20 Mama_Duka_Mpakani
Jumatano, saa 3:50 usiku

Asanteni nyote. Nimesoma kila jibu, mengine mara mbili. Mzee wa Bombo, nisamehe, sikujua neno lile lina makaburi ndani.

Niwape mrejesho. Jana nilikwenda kituoni mwenyewe, mchana, nimevaa gomesi ya kanisani ili waone nimekuja kwa heshima. Nikaomba kuandika maelezo dhidi ya spika. Kijana wa kaunta akauliza mshtakiwa anaitwa nani. Nikamtaja mwenye kafunda. Akaweka kalamu chini. "Mama, ungeongea naye kwanza." Nikamwambia nimeongea mara tatu na soda nimekunywa. Akaandika. Nimepewa namba ya kitabu cha kituo, nimeiandika ukutani kwa chaki juu ya bei ya sukari.

Nikauliza pia kuhusu wale wanne: waliandikiwa kosa gani? Akafungua kitabu, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Usiku ule wa Ijumaa kuna wizi wa kuku na ajali ya lori. Wale wanne hawamo. Siku mbili ndani na hawamo kitabuni! Kwa hiyo wakili, swali lako la "alifanya nini" sikupata pa kuliuliza. Kwanza nilihitaji mtu akubali kwamba walikuwepo.

#21 Wakili_Mtarajiwa

Mama, hilo la kutokuwemo kitabuni ni kubwa kuliko yote uliyosema hadi sasa. Andika tarehe, saa na maneno ya huyo kijana wa kaunta leo leo, kabla hujasahau. Kinyozi aandike yake. Yule mteja wa nusu kichwa ni shahidi wa dhahabu, mtafuteni.

#22 StejiNamba4

Mteja wa nusu kichwa hajifichi mama, ulizia tu.

#23 Kabangali_Mstaafu

Kutoandikwa kitabuni maana yake hela haikuingia popote. Nenda ngazi ya wilaya, si hapo hapo. Uende na mtu. Usiende peke yako, nakwambia kama baba.

#24 Chungu_na_Mrija

Nimekaa kimya nikisoma. Mama, mimi ningekuwa huyo mwenzangu ningegeuza spika zitazame ndani. Sauti inabaki kwa walioilipia. Mimi nimefanya jana, baada ya huu uzi. Mteja mmoja amelalamika masikio. Nimemwambia ahame kiti.

#25 Ng'ambo_ya_Mpaka

Mwambie na wa kwetu huyo. Akizigeuza vibaya zinatazama Kenya.

#26 Mama_Duka_Mpakani
Jumamosi, saa 4:20 usiku

Mrejesho wa mwisho kwa leo, duka nimefunga.

Jana, Ijumaa, mwenyekiti wa LC1 alituita, mimi na mwenye kafunda, chini ya mwembe. Nadhani kuna mtu amemwonyesha uzi huu, maana alianza kwa kusema kwamba yeye huwa hanywi, hutia mrija tu kwa ajili ya umoja. LC haiwezi kumfunga mtu lakini inaweza kutupatanisha, basi tukapatanishwa. Makubaliano: saa tano usiku spika inazimwa, na chungu kinaendelea bila muziki. Saa tano, si saa nne ya kanuni za wakili. Nilipigania ile saa moja mpaka koo likakauka, nikaiachia. Tumetia sahihi. Muhuri safari hii ameulipia yeye.

Jana walizima saa tano na robo. Leo sijui bado, ndio kwanza saa nne, na dumu langu la mafuta linatembea.

Shauri la wale wanne halijafika popote. Kinyozi hataki kuandika. Nimemsihi, nimemsomea majibu yenu, nimemwambia kuhusu sheria ya 2019 na mahakama ya 2022, amenisikiliza mpaka mwisho huku ananyoa. Akasema, "Mama, mimi nafungua hapa kila siku. Wao pia wanapita hapa kila siku."

Siku hizi anafunga saa tatu usiku. Madereva wa malori wanakuja wanakuta mlango, wanagonga kwangu kuniuliza. Jioni hii alipokuwa anafunga alisimama kwenye dirisha la duka, akanunua sabuni, akasita kidogo, kisha akaniambia hivi:

"Mama, siku ukiamua kuwapigia simu tena, nitumie ujumbe kwanza niondoke."